Ukuta wa nje unamomonyoka: saruji, chokaa au nipige lipu kote?

Mwiko_Mpya: Wakuu, poleni na kazi. Nyumba yangu ni kuukuu, ya matofali ya kuchoma, nami si fundi. Upande unaopigwa na mvua, viungo, yaani mistari ya kati ya matofali, vinatoka unga nikivikwaruza kwa msumari, na matofali kama sita yamebanduka uso. Nataka kufanya kazi hii mwenyewe. Nijaze viungo kwa saruji, kwa chokaa, au niupige lipu ukuta mzima nisahau?

Tindo: Saruji mkuu. Saruji moja kwa mchanga tatu, kesho unafanya mengine. Chokaa ni mambo ya babu.

BiKizingiti: Tindo, samahani, hapo unampoteza mwenzio. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Viungo vimesimama imara mpaka leo, matofali ndiyo yaliyoisha! Ukuta wa aina hiyo hunywa maji ya mvua kisha huyatoa polepole kupitia viungo, maana ndiko kulaini. Ukiviziba kwa saruji kali, maji yanatokea kwenye tofali lenyewe, na chumvi iliyomo inaganda chini ya uso wake mpaka unatoka kama gamba. Kwangu viungo vimechomoza kama mbavu za punda.

Tindo: Sawa dada, ila nyumba za saruji tupu zimejaa na hazijaanguka.

MzeeChokaa: Hizo zilijengwa kwa tofali gumu tangu mwanzo, mwanangu. Kiungo kinatakiwa kiwe laini kuliko tofali, ili kinacholika kiwe kiungo, si tofali. Saruji ya Portland, hii ya kawaida, ilipewa hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1824. Ukuta wa kabla ya hapo ukiwa nayo, ujue kuna mtu aliukarabati. Mwiko_Mpya, tofali lako likiwa laini, tumia chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga safi wenye chembe kali. Likiwa gumu na mchanganyiko wa zamani kwenye viungo una saruji, basi saruji 1, chokaa 1, mchanga 6.

Chimbua kwa tindo na nyundo. Grenda, ile mashine ya kukata, mkononi mwa asiyeizoea hukata kingo za matofali, na hilo halirudi. Kiungo chenye upana wa milimita 10 kichimbe kina cha milimita 20 hadi 25. Ukipaka juu juu, kitadondoka. Ondoa vumbi kwa brashi, nyunyiza maji mpaka tofali likate kiu, bila maji kutuama. Jaza kwa tabaka ukikandamiza. Kisha funika kwa magunia yaliyoloa kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni, na ikikauka ghafla inabaki unga. Vaa miwani na glavu, chokaa inaunguza.

Mwiko_Mpya: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Na yale matofali sita?

BiKizingiti: Chimbua kiungo pande zote, ulichomoe zima. Mara nyingi mgongo wake ni mzima, ligeuze tu. Moja kwanza, lishike, ndipo uende kwa jingine. Usiache mashimo mawili jirani. Lipu ya saruji achana nayo, inaficha ugonjwa na kufungia unyevu ndani. Na dawa za kupaka za kuzuia maji nazo naziogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Gata_Kavu: Mnabishana dawa, hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi. Gata ni nzima? Udongo wa bustani haujarundikana ukutani? Kuna nyufa?

Mwiko_Mpya: Nimetoka kuangalia sasa hivi. Bomba la mvua limepasuka upande wa nyuma, juu kabisa ya yale matofali sita! Na kuna ufa mmoja unaopanda kama ngazi, mwembamba kama unywele.

Gata_Kavu: Bomba kwanza, uache ukuta ukauke. Ufa usiujaze bado. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe. Ukirefuka au kupanuka, ita mhandisi, huenda msingi unasogea na hakuna mchanganyiko wa viungo utakaouzuia.

Tindo: Basi kwenye msingi mtaniruhusu saruji yangu?

MzeeChokaa: Fungua mada yake, mwanangu.

Mwiko_Mpya: Alama nimeshaweka. Bomba kesho, chokaa ukuta ukishakauka. Naanzia nyuma, pasipoonekana.