Ziara za meli bandarini: tunauziwa matembezi au tunauziwa hofu?

Kipepeo wa Gati (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Mimi na mama tunapanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza, upande wa Mediterania: Civitavecchia, Livorno, Santorini na kwingineko. Kila nikifungua programu ya kampuni nakutana na ziara za kununua, na chini yake onyo: ukienda kivyako ukachelewa, meli haikusubiri, ukinunua kwao, inakusubiri. Nikiangalia waongoza watalii wa huko huko bandarini, sehemu ni zile zile, kundi ni dogo na bei iko chini. Shida yangu siyo bei. Kampuni ndiyo inayopanga meli ikae bandarini saa ngapi, ndiyo inayoamua nani asubiriwe, halafu ndiyo hiyo hiyo inayouza ziara. Naona ni sawa na mlinzi wa geti kukodisha funguo. Hii ni haki? Naomba kuwasilisha.

Jembe Butu
Ngoja wajuzi waje. Nipo hapa nasoma.

Mzee wa Nanga
Mwanangu, hapo hakuna hofu, meli ndivyo zinavyofanya kazi. Nimekula mshahara wa melini, najua ninachosema. Rubani wa bandari, yule anayeongoza meli kuingia na kutoka, kashapangiwa muda wake, gati lina meli nyingine inayolitaka, na kesho kuna bandari ambako ukichelewa umepoteza zamu. Basi la meli likikwama barabarani, mwongozaji anapiga simu dawati la ziara, nahodha anajua watu 40 wako wapi na wamebakiza kilomita ngapi. Wewe na mama mkikwama kwenye teksi, nani anajua? Kadi zenu zilisomwa ngazini mlipotoka, hazijasomwa mkirudi. Taarifa aliyonayo nahodha ni hiyo tu. Muda ukifika, maofisa wanaingia chumbani kwenu, wanafungua sefu, wanatoa pasipoti na kumwachia wakala wa meli pale gatini. Halafu kamba zinafunguliwa.

Binti Upepo
Subiri kwanza. Wanafungua sefu yangu? Kwa ruhusa ya nani?

Mzee wa Nanga
Ili usikwame nchi ya watu bila pasipoti, binti. Ungependa pasipoti iendelee na safari peke yake?

Binti Upepo
Mzee wangu, sijauliza faida yake, nimeuliza ruhusa. Humo kuna vitu vyangu.

Mchokozi
Dada anaogopa nini kitaonekana kwenye sefu 😂
Tuseme ukweli, wanaoachwa ni wazembe. Saa ya mwisho kuwa ndani inaandikwa pale ngazini kwa herufi kubwa kuliko kichwa changu, na kwa kawaida ni nusu saa nzima kabla ya meli kuondoka. Mimi jioni natoka roshani na simu yangu, nawarekodi wanavyokimbia gatini na kofia za majani na mifuko ya zawadi. Burudani ya bure kabisa.

Binti Upepo
Mmoja wa hao uliowarekodi anaweza kuwa shangazi yangu, kwa hiyo punguza makali. Alishuka Cozumel kipindi cha kiangazi. Meli ilikuwa inatumia saa za Miami, na jimbo lile la Mexico tangu 2015 halibadilishi saa. Majira ya baridi linaenda sawa na Miami, kiangazi linabaki nyuma saa nzima. Simu ya shangazi ikajibadilisha yenyewe mara tu iliposhika mtandao wa nchi kavu. Yeye anajua ni saa tisa na robo, anakunywa maji kivulini, kumbe melini imeshafika kumi na robo na mwisho ni kumi na nusu. Mtu mzima wa zaidi ya miaka 60 akakimbia gati lote huku watu kama wewe wanapiga makofi juu. Unaita burudani.

Mchokozi
Shikamoo shangazi. Lakini si angevaa saa ya mkononi?

Kiroboto
Mnakumbuka wale watu kumi walioachwa kisiwani Afrika juzi juzi? Meli inaonekana kabisa pale baharini, wamepelekwa kwa boti mpaka ubavuni, nahodha akagoma kuwapandisha. Kulikuwa na mjamzito na wazee. Roho gani hiyo? Na wote kosa lao ni kwamba hawakununua ziara ya meli.

Jembe Butu
Mkuu Kiroboto, walikuwa wanane. Ni São Tomé, Machi 2024. Walienda ziara ya kivyao wakachelewa, askari wa pwani wakawapeleka kwa boti, meli ikiwa bado imetia nanga. Wakapita nchi kadhaa kuifukuza mpaka Gambia, meli ikashindwa kutia gati kwa sababu ya maji kupwa, wakaikamata Dakar. Tuweke kumbukumbu sawa.

Kiroboto
Nane au kumi, waliachwa hawakuachwa? Watu humu mnapenda kuhesabu vichwa kuliko kuona ubinadamu.

Jembe Butu
Nimesema wapi hawakuachwa?

Mzee wa Nanga
Wajukuu zangu, meli ikishafunga milango na makaratasi ya bandari yakishasainiwa, huyo nahodha siyo dereva wa basi wa kugonga bodi asimamishe. Kumpandisha mtu ubavuni kutoka boti isiyo ya meli, na bahari inacheza, ni hatari nyingine. Mtu akianguka hapo katikati, mtasema tena nahodha muuaji. Ndiyo maana nasema, mara ya kwanza nunua ya meli. Unapata usalama, unapata watu waliokaguliwa.

Kiroboto
Waliokaguliwa??? Mzee, hilo neno lirudishe mfukoni. Whakaari, New Zealand, tarehe 9 Desemba 2019. Watu 47 walikuwa kisiwani volkano ilipolipuka, 22 wakafa. Wengi wao walitoka kwenye meli moja ya kitalii na ziara waliuziwa humo humo melini. Kiwango cha tahadhari cha ile volkano kilikuwa kimepandishwa wiki tatu kabla. Nani alikagua? Na nenda kasome mkataba wa tiketi. Maandishi madogo yanasema kampuni za ziara zinajitegemea, meli ni wakala tu wa kuuza. Siku ya kukusanya hela ni "ziara yetu", siku ya msiba ni "kampuni inayojitegemea".

Mzee wa Nanga
Kijana, usinifundishe kurudisha maneno mfukoni. Nimezungumza nawe kwa heshima.

Kiroboto
Shikamoo mzee, lakini hujajibu.

Tumaini la Jioni
Mleta mada, kwa kuwa wamekuacha nikusaidie. Kila bandari ina hesabu yake, usichukue jibu moja kwa zote.

Civitavecchia mpaka Roma ni kama saa moja kwa treni, na kituo hakiko gatini, kuna basi kwanza. Treni ni rahisi na nzuri, ila jicho lako liwe kwenye matangazo ya migomo. Waitalia wanatangaza mapema, na siku za kazi treni zinazohakikishwa ni za saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 12 hadi saa 3 usiku. Piga hesabu mwenyewe: ya kwenda unapata, ya kurudi wakati meli inakuhitaji huna. Siku ya namna hiyo nunua usafiri tu kwa meli. Nyingi zinauza basi la kukupeleka Roma na kukuacha uzurure mwenyewe, hakuna mwongozaji wala kibandiko cha namba kifuani, na ahadi ya kusubiriwa unayo. Watu wengi hawajui kama kitu hicho kipo, kimefichwa chini kabisa ya orodha.

Bandari ambako mji uko palepale ukishuka ngazi, usinunue chochote. Utalipia kutembezwa mitaa ambayo ungeifika kwa miguu ukiwa unafuata kijiti chenye namba 14, na nusu saa yako inaishia duka la zawadi la rafiki wa mwongozaji.

Santorini sasa, hapa sikiliza vizuri. Meli haifungi gati, inatia nanga na watu wanashushwa kwa boti ndogo. Waliolipia ziara wanatangulizwa, wanapelekwa bandari ya Athinios ambako mabasi yanawangoja. Wengine wote wanashushwa bandari ya zamani chini ya mji wa Fira: unapanda kwa gari la waya, lile linaloning'inia kwenye kebo, au ngazi karibu 600 kwa miguu. Lakini ziara nyingi za meli zinakwenda kuishia Fira juu. Mwongozaji anawaaga pale, mnashuka wenyewe kwa gari lile lile la waya, foleni ile ile na kila mtu wa kila meli. Sasa mleta mada uliza dawati la ziara: ile ahadi ya kusubiriwa inakufa pale mwongozaji anapoaga, au inaendelea mpaka boti? Hilo ndilo swali la kumbana mtu nalo. Halafu kama mama ana magoti, asidanganyike na zile ngazi.

Mchokozi
Magoti ya nini na punda wapo? Mpandishe mama punda, dakika chache yuko juu, picha nzuri.

Binti Upepo
Sasa umegusa penyewe. Wale punda wanapandisha watu mlimani kutwa nzima juani ili wewe upate picha. Mtu mwenye akili timamu hapandi.

Mchokozi
Punda kaumbwa abebe mzigo, dada yangu. Au tumwajiri kama karani?

Jembe Butu
Kwa taarifa tu, Ugiriki 2018 waliweka kanuni: mzigo usizidi kilo 100 au moja ya tano ya uzito wa mnyama.

Kiroboto
Moja ya tano! Kwa hiyo punda wa kilo 300 mwisho ni mtu wa kilo 60. Humu ndani nani ana kilo 60? Mchokozi, umejipima lini?

Mchokozi
Usinijadili mwili. Mimi nimeongelea usafiri.

Binti Upepo
Umecheka shangazi yangu anakimbia, leo mwili wako haujadiliwi? Panda mzani, weka picha.

Mzee wa Nanga
Kwani kanuni inasema uzito wa punda au nyumbu, yule chotara wa punda na farasi? Maana pale wengi ni nyumbu.

Jembe Butu
Mzee, kanuni inawahusu wote wa jamii hiyo: farasi, nyumbu, punda.

Kiroboto
Mzee karudi kwa nyumbu, Whakaari kaipita kama haoni 😂

Mzee wa Nanga
Sijaipita. Ajali iko kote. Unadhani ukimwokota dereva gatini, yeye ndiye kakaguliwa? Wa meli angalau wana bima waliyotakiwa kuionyesha. Wako ana tabasamu.

Tumaini la Jioni
Mzee hapo una hoja, ila si wote wa nje ni wa kuokota gatini. Kuna kampuni zimekaa miaka zinahudumia watu wa meli peke yao, zinafuatilia ratiba, zinakurudisha mapema, na nyingi zinarudisha hela meli isipotia nanga. Uliza hilo kabla ya kulipa na ulipate kwa maandishi. Kwa ziara ya meli, bandari ikirukwa unarudishiwa bila kuomba.
Mchokozi, foleni ya punda nayo ipo.

Mchokozi
Nimeacha punda. Ila nauliza, kwa nini meli isiwekewe sheria ikae mpaka usiku? Wanashusha maelfu ya watu asubuhi, wanawakusanya jioni, halafu tunalaumiana nani kachelewa.

Binti Upepo
Hilo ndilo neno la kwanza la maana umeandika leo.

Kiroboto
Kama ni sheria, zimeshaanza. Serikali ya Italia ilizifungia meli kubwa mfereji wa Giudecca pale Venice Agosti 2021, mji wa Dubrovnik ni meli mbili kwa wakati mmoja. Anayeamua ni mji au serikali, si wewe abiria.

Mzee wa Nanga
Na Ugiriki tangu Julai 2025 wanatoza abiria euro 20 kushuka Santorini na Mykonos msimu wa watalii wengi. Kampuni zimelia, meli zinaendelea kwenda.

Kiroboto
Kwa hiyo tunalipa kuingia kwenye foleni ya punda.

Kipepeo wa Gati (mleta mada)
Wakuu nashukuru, ingawa nusu ya uzi umekwenda kwa punda. Roma nimechukua basi la meli bila mwongozaji. Livorno tutatafuta mtu wa nje na tutarudi mapema. Santorini nimewaandikia dawati la ziara swali la Tumaini kama lilivyo: ahadi inaisha wapi. Wamenijibu kwa aya tatu za kuisifu mandhari na kiungo cha kununua.

Tumaini la Jioni
Basi umejibiwa. Shukeni mapema, mpande na gari la waya la kwanza, na kushuka anzeni saa mbili kabla ya boti ya mwisho. Saa ya melini, siyo ya simu.

Mchokozi
Ile kilo 100, ni pamoja na mkoba?