Kukatwa mfupa wa pua: je, pumzi inapungua?

BintiTanga
Habari zenu wapendwa. Nilivunjika pua kwenye ajali ya bodaboda, ikaunga kombo na kuacha nundu. Tundu la kulia linapitisha hewa kwa shida. Daktari wa masikio, pua na koo anasema ataondoa nundu, kisha akate mfupa pande zote mbili aunyooshe. Sasa pua ikishabanwa ikawa nyembamba, hewa itapita wapi?

NesiRehema
Pole sana mdogo wangu. Nipo chumba cha upasuaji, kwenye timu ya pua na koo, na swali hili natamani kila mgonjwa aliulize kabla ya kusaini fomu.

Nundu ikiondolewa, juu panabaki wazi kama nyumba iliyoezuliwa paa. Ndiyo maana mifupa ya pembeni hukatwa na kusogezwa katikati. Hapo njia inaweza kupungua kweli. Sehemu finyu kuliko zote ni vali ya ndani, gegedu la juu, yaani ule mfupa laini, linapokutana na ukuta wa kati unaotenganisha matundu; pembe yake ni nyuzi 10 hadi 15 tu. Hapo milimita moja si kitu cha kudharau.

Kinachoamua ni mkato unaanzia wapi. Ukianzia chini kabisa, mfupa ukisogea ndani huenda na kichwa cha nyama ya pua, ile ya kawaida iliyo ukutani ndani ya tundu, na njia inabanwa. Daktari makini huanza juu kidogo, akaacha kipande kinachoitwa pembetatu ya Webster, kisha patasi inashuka kuelekea shavuni na kupanda tena karibu na kona ya jicho. Ukiwa pale unasikia kabisa mlio wa nyundo ukibadilika patasi ikigusa mfupa mnene. Daktari huusikiliza ajue pa kuishia.

BintiTanga
Asante dada. Kwa hiyo nikatae?

NesiRehema
Usikatae. Pua yako imepinda, na mfupa uliobonyea ndani huenda ndio unaokuziba. Bila kuukata hautoki. Ila muulize kama ukuta wa kati nao umepinda na kama atauweka sawa siku hiyohiyo. Muulize pia kama ataweka vipande vyembamba vya gegedu kutanua vali, maana nundu ikitolewa gegedu la juu hulegea na kuanguka ndani.

Kaka_wa_Likoni
Mimi nilifanyiwa. Usije ukashtuka siku za mwanzo: macho yalivilia damu, plasta ngumu juu ya pua, puani damu kavu tupu, nikawa nahemea mdomo. Huo ni uvimbe, unapungua taratibu. Nilioshea maji ya chumvi nilivyoelekezwa, sikupenga kamasi.

NesiRehema
Kaka kasema kweli. Binti, jambo moja ufanye leo: weka vidole shavuni kando ya pua ya kulia, vuta taratibu kuelekea sikioni, uvute pumzi. Hewa ikifunguka, mwambie daktari hivyohivyo, aikague vali kabla hajapanga mkato.