Anayeanza kompaila HALAZIMIKI kujenga LLVM nzima! Acheni kuwatesa vijana wetu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Kwenye magrupu yetu ya programu hapa Kampala kuna mwongozo unaozungushwa kila muhula ukianza. Kijana akiuliza tu aanzie wapi na kompaila huria (programu za kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), anatupiwa huo. Kwanza shusha msimbo wa LLVM nzima, ule mradi mkubwa huria wa kutengenezea kompaila, na historia yake yote. Halafu jenga kila kitu kutoka kwenye msimbo huo, tena kwa Debug, yaani pamoja na taarifa zote za kutafutia makosa. Hakuna mahali anapoulizwa ana mashine gani, ana RAM kiasi gani, wala bando analipa nani.

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni. Laptopu yake ni ya mtumba, RAM 4GB, mama yake aliinunua kwa pesa ya kuuza nguo soko la Owino. Akaufuata mwongozo neno kwa neno. Bando likaisha katikati ya git clone, amri ya kushusha msimbo, na git clone ikikatika haiendelei ilipoishia, unaanza upya. Akanunua bando jingine. Bei zenyewe tunazijua: tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12, mbali na VAT ya asilimia 18. Usiku umeme ukaenda ukarudi, akaendelea. Ilipofika karibu na mwisho, feni inalia, mausi imeganda, kwenye skrini ikatokea:

collect2: fatal error: ld terminated with signal 9

Akapiga picha ya skrini, akaiweka kwenye grupu akiomba msaada. Mkubwa mmoja, tena anayeheshimika, akamjibu kwamba kompaila si za kila mtu, arudi kwenye HTML. Wengine wakaweka vicheko. Binti akanipigia: "Mjomba, labda mimi sina akili ya hii kitu."

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Signal 9 ni amri ya kuua programu, na hapo maana yake kumbukumbu imeisha, kerneli ya Linux ikaiua linka (ile ld inayounganisha vipande vya programu) ili mashine yenyewe isife. Basi! Kulinki Clang, kompaila ya C ya LLVM, yenye taarifa zote za Debug kunameza gigabaiti nyingi kwa faili moja tu, na Ninja, zana inayoendesha ujenzi, hairushi linki moja, inarusha kadhaa kwa pamoja. 4GB ingeponea wapi? Yule mkubwa kama alilijua hili akanyamaza, ni ukatili. Kama hakulijua, alipata wapi ujasiri wa kumpima mtoto wa watu akili?

Na msiniambie LLVM ndio waliotaka hivyo. Ukurasa wao wa kuanzia unasema wazi kwamba LLVM pamoja na Clang ikijengwa kamili inataka diski ya 15 hadi 20GB. Wanakuonyesha git clone --depth 1 ili usishushe historia yote. Nyaraka zao zina CMAKE_BUILD_TYPE=Release, zina LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS ya kuzuia linki zisipande juu ya nyingine, zina LLVM_TARGETS_TO_BUILD ya kuchagua aina za prosesa. Hiyo ya mwisho usipoiweka, mashine inakesha ikijenga msaada wa MIPS, PowerPC, hadi SystemZ ambayo ni ya mainframe za IBM. Mwanafunzi wa Wandegeya anahitaji X86 peke yake, prosesa ya laptopu yake! Aliyeandika ule mwongozo aliyakata haya yote akabakiza amri tu.

Tena kwa anayeanza hata hayo hayahitajiki. Kwenye Ubuntu:

sudo apt install clang llvm lld

Mambo yameisha, bando limebaki. Andika fanksheni ndogo ya C inayojumlisha namba mbili, iite jumlisha.c, kisha:

clang -O1 -S -emit-llvm jumlisha.c -o jumlisha.ll

Fungua hiyo .ll. Utaona define, utaona mstari wenye add nsw i32, chini yake ret i32. Hiyo ndiyo lugha ya kati ya LLVM, na binti aliisoma mwenyewe jioni ileile kwenye laptopu ileile waliyoicheka. Baadaye akibadilisha -O1 kuwa -O0 ataona vigezo vinavyohifadhiwa kwa store na kusomwa tena kwa load, aanze kuelewa optimaiza inafuta nini na kwa nini. Huko ndiko kujifunza kompaila. Kukodolea macho asilimia za Ninja hakufundishi kitu.

Kuna wanaodai huwezi kuielewa bila kuijenga yote. Uongo. LLVM ilianzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, kwa Chris Lattner na Vikram Adve, na imepangwa kama maktaba unazochukua kipande unachokitaka. Anayetaka kutunga lugha yake asakinishe llvm-dev (maktaba hizo zikiwa tayari zimejengwa), afuate Kaleidoscope, mafunzo ya LLVM ya kutunga lugha ndogo, ya toleo lilelile alilonalo. Kujenga kutoka kwenye msimbo kutakuja siku anapotaka kurekebisha kompaila yenyewe, na siku hiyo apewe zile fleg zote nilizotaja, kuanzia Release.

Kwa hiyo maadmin, uondoeni ule mwongozo leo. Na wewe mkubwa uliyemwambia arudi kwenye HTML, unajijua. Ulimdhalilisha mbele ya watu, mwombe radhi palepale kwenye grupu. Usije inbox kwangu.