AP igawe IP yenyewe au niiachie ruta ya faiba? (lodge vyumba 14)

Lodge_Kirumba:
Wakuu habari za jioni. Nina kalodge Mwanza, vyumba 14 na ukumbi mdogo wa semina, ruta ya faiba iko mapokezi (192.168.1.1) na waifai yake haipandi ghorofani kwahiyo nikanunua AP (kile kifaa cha kurusha waifai) nikaichomeka juu, kebo nikaingiza poti ya LAN (ya mtandao wa ndani). Toka hapo ni vurugu tupu, mgeni huyu anapata intaneti wa chumba cha pili anaona waifai imeshika ila hamna kitu, na printa ya dada wa mapokezi inapotea inarudi. Kuingia kwenye setingi nakuta DHCP (ile inayogawa IP, yani namba za anwani kwa kila kifaa) imewashwa kotekote. Nizime ya AP, nizime ya ruta, au ziachwe zote nipange tu namba zisigongane?

mzee_wa_kebo:
Zote mbili kwenye mtandao mmoja hapana mkuu, ugonjwa wako ndo huo. Simu ikiingia inauliza kwa sauti nani anagawa IP hapa, na mara nyingi inashika jibu la kwanza kufika. Ikiwahi AP, mgeni anaambiwa njia ya kutokea nje ni AP, na AP haina njia yoyote. Zima ya AP. Ila anza kuipa IP 192.168.1.2, sevu, ingia tena kwa hiyo mpya ndo uzime DHCP, ukizima kabla utahangaika kuitafuta. Kebo iache hapohapo LAN.

waya254:
Mimi naona tofauti na mzee. Niko na cyber Eldoret, AP nimeiweka kama ruta, kebo inaingia WAN (poti ya kwenda nje) na inagawa 192.168.50.x kivyake. Wateja wako kwao, ofisi iko kwao, hakuna kugongana. Ni kweli NAT (kubadilisha IP njiani kwenda nje) inakuwa mara mbili na vijana wa gemu wanalia kiasi, lakini YouTube na WhatsApp zinaenda tu.

Shangazi_Ping:
Wako kwao nani kakwambia kaka? Ukiwa kwenye hiyo 50.x hebu piga ping (uone kama inajibu) printa ya ofisi. Kwa hiyo AP yako ofisi ndio "nje", na kazi yake ni kupeleka watu nje. Ofisi haiwaoni wateja ila wateja wanaiona ofisi nzima, yani mlango umeweka ila komeo liko upande wa mgeni.

waya254:
Nimeping saa hii. Printa imejibu. Wueh.

Shangazi_Ping:
😂 Pole. Ukitaka kutenganisha kweli weka ruta ndogo katikati, mimi natumia MikroTik hEX, poti ya 2 ofisi, poti ya 3 inaenda kwenye AP, kila poti ina mgao wake wa IP na sheria ya firewall wageni wasivuke kwenda ofisini. AP inabaki kurusha waifai tu haigawi kitu. Ubaya wake ukigusa vibaya unajifungia nje mwenyewe, mi nilijifungia mara mbili siku ya kwanza nikarudi kureset.

Lodge_Kirumba:
Nimefanya ya mzee, printa imetulia kabisa, MikroTik ngoja nijichange. Sasa leo kulikuwa na semina watu kama 70, walioingia mapema wako poa, waliochelewa simu zinazunguka tu "inapata anwani ya IP" mpaka wakakata tamaa. Niwashe tena ya AP isaidiane na ruta?

mzee_wa_kebo:
USIWASHE. Mgao wa ruta unaanzia wapi unaishia wapi?

Lodge_Kirumba:
100 mpaka 149. Lease (muda wa kushika IP) imeandikwa 86400.

Shangazi_Ping:
Hizo IP 50 tu kwa watu 70, na nusu yao wana simu mbili. Halafu 86400 ni sekunde, yani saa 24, mgeni aliyeondoka asubuhi na begi lake bado IP yake imewekwa kiporo mpaka kesho. Panua iwe 20 mpaka 250 utapata 231, lease weka 7200, saa mbili zinatosha kwa lodge. Huku chini ya 20 waachie AP na printa, na printa ifungie IP yake kwa MAC (namba ya kifaa chenyewe) isihamehame.

mzee_wa_kebo:
Hapo kwa lease nimekubali, mi nilikuwa naiacha hivyohivyo miaka yote.

Lodge_Kirumba:
Mrejesho wakuu. Semina nyingine leo, ukumbi umejaa na wote wameingia. Kasoro mzee mmoja chumba namba 9, laptopu yake haitoki nje kabisa, kumbe fundi wa ofisini kwao aliiandikia IP kwa mkono, 10.0.0.25, wala haiombi kwa ruta. Nimemwambia nibadilishe sekunde mbili tu, kagoma, anasema hiyo ni mali ya ofisi. Yuko nje kwenye benchi anatumia bando lake.