Naombeni ushauri: Nokia N900 inaishia kwenye nukta tano baada ya kusasisha mfumo

Kijana wa Raskazone

Wakuu, habari za jioni. Nina Nokia N900, ile kompyuta ndogo ya mkononi yenye kibodi ya kusukuma na inayotumia mfumo wa Linux uitwao Maemo 5. Juzi usiku niliisasisha, na tangu hapo haiwaki sawasawa: neno NOKIA linatokea, zile nukta tano zinacheza kwa muda, kisha skrini inazima na kuanza upya, na hali hiyo haikomi mpaka nichomoe betri. Nimesoma kwamba dawa yake ni kuiflashi, yaani kuuandika mfumo wake upya kutoka kwenye kompyuta, na tayari nimeshapakua mafaili mawili, lile la COMBINED na lile kubwa linaloitwa VANILLA. Ninachoomba kujua ni kimoja tu: nianze na lipi? Ningependa kazi hii iishe kabla ya Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Fundi Betri

Mkuu, achana na mafaili kwanza, tuzungumze juu ya betri. N900 inatumia BL-5J, ya asili ina mAh 1320, na wakati wa kuflashi kifaa hakipokei chaji hata kama waya wa USB umechomekwa, kwa hiyo ukianza na betri iliyo nusu unaweza kuachwa njiani. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa na Nokia 5230 inayotumia betri hiyohiyo, nikanunua ya bei ya chini iliyoandikwa namba kubwa kuliko ya asili, na haikupita miezi miwili ikavimba mpaka mfuniko wa nyuma ukaachama kama chaza. Hata leo mke wangu akiona betri juu ya meza huiondoa kwa koleo la jikoni.

Mzee wa Kompyuta Mpakato

Kifaa cha mwaka 2009 chenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya MB 256 tu kinakustahili nini, kijana? Kwa fedha utakayotumia kununua bando la kupakua mafaili hayo, ungekuwa umeanza kudunduliza kwa ajili ya kompyuta mpakato iliyotumika. Mimi Linux nilijifunzia kwenye mashine iliyokuwa na kibodi pungufu ya herufi tatu, na nikafaulu.

Bint Kilindi

Mdogo wangu wa Raskazone, swali lako lina jibu fupi, lakini sitakupa jibu hilo kabla hujanijibu mambo mawili. La kwanza, uliposasisha, programu zilitoka kwenye ghala lipi la mtandaoni? La pili, ndani ya kifaa hicho kuna nini ambacho hakipo mahali pengine popote?

Kijana wa Raskazone

Dada, asante kwa kujitokeza. Nilisasisha kwa njia ya kawaida tu. Kuhusu vilivyomo, ni vitu vya kawaida, picha na sauti za zamani. Naomba tu mnisaidie mpangilio wa mafaili, kwa sababu nimepanga kuifanya kazi hii usiku wa leo.

Bint Kilindi

Njia ya kawaida haipo tena. Toleo kubwa la mwisho kutoka kwa watengenezaji, PR1.3, lilitoka Oktoba 2010, na baada ya hapo kazi ya kuutunza mfumo ilibaki mikononi mwa wapenzi wake. Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba amesasisha N900, amechukua programu kwa wapenzi hao, na swali ni kama alipita mlango wa mbele au alipenya karakana. Ulifungua ghala la extras-devel?

Kijana wa Raskazone

Ndiyo, nililifungua. Kuna programu ya mtandao niliyoitaka ambayo sikuipata kwingine, na nilipoona orodha ndefu ya masasisho nikaamuru yote yaingie kwa pamoja. Katikati kifaa kililalamika kwamba nafasi imekwisha, nami nikakizima nikidhani kitajirekebisha.

Bint Kilindi

Hapo ndipo kilipovunjika. Mfumo wenyewe haukai kwenye ile hifadhi kubwa ya GB 32 inayosifiwa. Unakaa kwenye kumbukumbu ndogo ya kudumu ya MB 256, tofauti na RAM, na ndiyo sababu programu nyingi husukumwa kwenda folda ya /opt, ambako kwa hakika ni kule kwenye hifadhi kubwa. Extras-devel ni karakana ya waandishi wa programu, vitu vyake bado vina misumari iliyojitokeza, na ukivibeba vyote kwa mkupuo kile chumba kidogo hujaa na mfumo hubaki nusu mpya na nusu wa zamani. Nukta tano unazoziona ni kifaa kinachojaribu kuamka, kinashindwa, na mlinzi wake wa ndani anakiwasha tena.

Sasa sikiliza vizuri. Faili la COMBINED huandika upya ile kumbukumbu ndogo, yaani mfumo na kiini chake, na haligusi hifadhi kubwa. Faili la VANILLA huandika upya hifadhi kubwa, na folda ya MyDocs yenye picha na sauti zako itakuwa tupu kama siku kifaa kilipotoka kiwandani. Nauliza tena: hizo sauti za zamani ni za nani?

Pwani Mpaka Bara

Nimevuta kiti. Naona hapa hakuna tatizo la nukta tano.

Kijana wa Raskazone

Dada, sikutaka kuliandika hili hadharani. Kifaa si changu, ni cha mjomba wangu ninayeishi kwake hapa Tanga. Alirudi nacho kutoka Ufini mwaka 2011 alipomaliza masomo, na likizo ya mwaka huo alikaa na marehemu bibi siku kadhaa akimrekodi akieleza namna ya kuchambua ukindu na kusuka mkeka, pamoja na nyimbo za kubembelezea watoto. Bibi alifariki mwaka 2016. Kifaa kilikuwa kabatini, hakitumiki, nami nikakichukua ili nijifunzie Linux. Mjomba yuko Mtwara kikazi na atarudi Jumamosi. Nadhani rekodi zile alishazihamisha.

Ustadh wa Ngamiani

Neno "nadhani" limebeba mzigo mzito kuliko uwezo wake. Kitu kilichofungiwa kabatini na mwenyewe hakuwa amekitupa ni amana, na anayekichukua bila ruhusa hawezi kujitetea kwamba kilikuwa hakitumiki, kwa sababu hata sanda hukaa kabatini bila kutumika. Mpigie mjomba wako leo, umweleze ulichofanya, kisha ndipo uombe ushauri wa mafaili. Vijana wa sasa mnaogopa kuulizwa kuliko mnavyoogopa kuharibu.

Kijana wa Raskazone

Ustadh, nimekusikia, lakini naomba nisihukumiwe kama mwizi. Nilikuwa na nia ya kumrudishia kikiwa kizuri kuliko nilivyokikuta. Na kuhusu VANILLA, fundi mmoja wa mjini aliniambia kwamba usipoyaandika mafaili yote mawili, mabaki ya zamani yatasumbua mfumo mpya, na ndiyo maana nilikuwa nimekwisha kuamua. Nimpigie mjomba nimwambie nini, wakati huenda kesho asubuhi kifaa kikawa kinawaka?

Bint Kilindi

Fundi wako hakukosea kuhusu mabaki, ila hakujua kuna sauti ya nani. Mabaki husumbua, nyimbo za bibi zikifutwa hazirudi. Betri ina chaji kiasi gani?

Kijana wa Raskazone

Betri imejaa. Huwa naichaji nje kwa chaja ya kubana, kwa sababu tundu la USB la kifaa limelegea tangu zamani na halipitishi chaji.

Mchunguzi Huru

Naomba nisimamishe gari. Uzi huu una harufu ya majani ya chai. Tulianza na "Nina Nokia N900", kifaa kikageuka kuwa cha mjomba, kisha bibi marehemu akaingia akiimba, na sasa tunaambiwa tundu la USB limekufa. N900 inaflashiwa kwa njia ya USB peke yake. Kama tundu limekufa, huyu bwana alikuwa akijiandaa kuflashi kupitia wapi, kwa maombi? Aidha hana kifaa, au anacho na hadithi ameitia nazi ili tumhurumie. Bint Kilindi, usipoteze usiku wako.

Fundi Betri

Mchunguzi, hoja ya tundu ina uzito, lakini kwa haki ya kifaa niseme kwamba tundu la N900 linajulikana kwa udhaifu. Limeshikwa kwenye bodi kwa risasi kidogo tu ya kuchomelea, na mtu akiuchomeka waya kwa nguvu mara nyingi, linang'oka. Mteja wangu mmoja aliniletea lake likiwa limebaki ndani ya waya, analining'iniza kama hereni.

Mzee wa Kompyuta Mpakato

Mimi niliwahi kuchangia nauli ya kijana aliyefiwa katika uzi kama huu, na wiki iliyofuata marehemu akaja mwenyewe kuuza pikipiki.

Kijana wa Raskazone

Sijaomba fedha kwa mtu yeyote. Tundu liliwahi kuchomelewa na fundi, na hali yake iko hivi: kifaa kikilazwa juu ya kamusi, na shingo ya waya ikiwekewa kigingi cha karatasi iliyokunjwa mara nne, kompyuta inakiona, ukigusa meza, kinapotea. Dakika tano zilizopita nimechomoa betri, nikairudisha, nikashikilia herufi U kwenye kibodi na kuchomeka waya, na neno NOKIA limetokea kwa mwanga hafifu likiwa na alama ya USB pembeni juu upande wa kulia. Baada ya hapo paka amepanda mezani na kila kitu kimekatika. Mchunguzi, kama nimetunga, basi na paka nimemtunga.

Mchunguzi Huru

Ile alama ya pembeni ni kweli iko hapo. Bado sijakubali yote, ila nitanyamaza.

Bint Kilindi

Mimi sihitaji kuamua kama bibi yupo au hayupo. Ushauri ni uleule kwa mtu yeyote mwenye MyDocs asiyoitaka ifutwe, na hilo tundu linaloyumba ndilo ulilotakiwa kulitaja kwenye mstari wa kwanza. Waya ukikatika katikati ya kuandika, mara nyingi unaweza kuanza upya, lakini sitaki ujaribu bahati hiyo ukiwa na kitu kisicho na nakala.

Usiku wa leo usiandike faili lolote. Kuna kitu kinaitwa rescueOS, mfumo mdogo uliotengenezwa kwa ajili ya N900, ambao programu ya kuflashia ya kwenye kompyuta, flasher-3.5, huupeleka kwenye RAM na kuuwasha kutoka hukohuko bila kugusa kumbukumbu yoyote ya kudumu ya kifaa. Ukizima, unatoweka. Ukishawaka, una uwezo wa kuionyesha hifadhi kubwa kwa kompyuta yako kama vile ni flashi ya kawaida. Ifungue kwa kusoma tu, usikubali kompyuta ikikuuliza kama irekebishe diski, na nakili MyDocs yote. Anza na folda za sauti, picha baadaye. Waya ukikatika, hutapoteza chochote zaidi ya subira, utauwasha tena. Nakala zikiwa sehemu mbili, ndipo utaliandika faili la COMBINED peke yake. Lile la VANILLA liondoe kwenye kompyuta yako kabisa, mkono usije ukateleza usiku wa manane.

Kabla ya yote, fungua mfuniko wa nyuma uangalie kama kuna memori kadi pembeni ya betri, uitoe uiweke kando.

Ustadh wa Ngamiani

Na simu kwa mjomba?

Kijana wa Raskazone

Memori kadi haipo. Nafuata maelekezo ya Dada. Simu nitapiga asubuhi.

Pwani Mpaka Bara

Paka afungiwe nje.

Kijana wa Raskazone

Wakuu, natoa mrejesho. RescueOS imewaka mara ya tatu, baada ya waya kukatika mara mbili kabla haijafika mwisho. MyDocs imefunguka na folda ipo, imeandikwa "Mama Pangani 2011", ina mafaili ya sauti 23. Nimeshanakili 14 na yote yanasikika. Katika la kwanza kuna jogoo anawika, na bibi anamkatiza mjomba ili amfukuze. Lile la 15 limekatikia katikati na tangu hapo kompyuta haikioni kifaa tena hata nikikunja karatasi upya.

Saa moja asubuhi nimempigia mjomba. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama jogoo anasikika. Nakala nyingine hana. Alidhani kwamba dada yake anazo.

Bint Kilindi

Ahsante kwa kusema kweli. Sasa usilazimishe tundu hata kidogo, kwa sababu likibanduka pamoja na njia za shaba za kwenye bodi, kulirudisha ni kazi ya mtu mwenye hadubini. Peleka kwa fundi anayejua kuchomelea vitu vidogo, umwambie alirudishie tundu risasi tu, asiwashe kifaa wala asiflashi chochote kwa kujitolea. Hayo mafaili tisa yaliyobaki hayaendi popote. Hizo 14 ziko sehemu ngapi?

Kijana wa Raskazone

Ziko kwenye kompyuta na kwenye flashi, na la kwanza nimemtumia mjomba.

Fundi Betri

Na betri?

Kijana wa Raskazone

Nimeitoa. Iko kwenye chaja.