Nimerudi home baada ya chuo, mimi na wazazi hatuelewani. Mliopitia hii mliishije nao?

binti_manundu:
Wakuu habari za muda huu, naombeni ushauri na msinicheke. Nimemaliza ualimu UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwaka jana, Kiswahili na Historia, nikarudi nyumbani Korogwe kusubiri ajira. Kule mwishoni nilikuwa nimepanga geto Ng'ong'ona na mwenzangu, tunapika tukijisikia, tunalala tukijisikia, bumu, hela ya mkopo wa chuo, likiingia mnajua wenyewe, likikata tunakula ugali dagaa maisha yanaenda, hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Sasa hapa saa kumi na moja na nusu alfajiri mama ananigongea nikafagie uwanja, na siku nyingine hata hagongi anaingia tu mi niko na kanga moja. Simu ikiita saa tatu usiku mzee anauliza toka sebuleni NANI HUYO, nikienda stendi kununua vocha lazima niage narudi saa ngapi, na magharibi ikinikuta nje ni kesi. Mdogo wangu wa kiume yuko form three anarudi mpirani saa mbili usiku na hakuna anayemuuliza kitu, hiyo ndo inaniuma kuliko zote.

Halafu wageni wakija mama anawaambia "huyu ndo mwalimu wetu, bado yupoyupo tu." Mzee yeye anaamini sijitumi. Kila siku taarifa ya habari ikiisha ananikumbusha enzi zao ukimaliza ualimu unapangiwa kituo unaenda kuripoti, kwa hiyo kama mimi sijapangiwa basi kuna kitu nawaficha, labda nina sapu, mtihani wa kurudia. Sina sapu jamani!! Nimetoka na GPA ya 3.8 na transcript ipo kabatini.

Sitaki kuwavunjia heshima, wamenisomesha kwa shida sana. Ila nimechoka. Nifanyeje?

Kaka_Mkavu:
Luku, umeme wa kulipia kabla, hapo kwenu nani ananunua? Kama ni mzee basi fagia uwanja utulie. Ukitaka uhuru panga chumba, Korogwe vyumba sio bei.

binti_manundu:
Kodi natoa wapi mkuu? Na hata ningekuwa nayo, binti kutoka kwa wazazi wake akapange mtaa wa tatu, hana kazi hana ndoa, unajua kabisa watakavyosema pale sokoni. Mama hatapita.

mama_wa_watatu:
Mwanangu mimi ni mzazi, na wangu wa kwanza naye karudi kutoka chuo Mwanza tuko naye ndani, kwa hiyo ngoja nikusemee upande wa mama yako. Hilo la yupoyupo usilichukulie hivyo. Anawahi kulijibu swali kabla wale wageni hawajauliza, maana wanauliza kweli, na wakiuliza wao linauma zaidi. Mimi mwenyewe nafanya hivyohivyo kanisani.

Kuhusu kugongewa, mwambie. Ila usimwambie asubuhi ukiwa umenuna, subiri mmekaa mnachambua mchele mko wawili tu umwambie "mama naomba ukitaka kuingia uniite kwanza", basi, usianze kumweleza mambo ya privasi hatakuelewa na atakuona umeharibikia chuo. Na hayo maswali ya unaenda wapi, sisi wazazi hatupati usingizi mpaka mlango wa mwisho ufungwe, ndo tulivyo. Wangu alianza kuniambia mwenyewe mapema, mama kesho nina safari ya mjini narudi jioni, nikajikuta siulizi tena, nilikuwa nauliza kwa sababu sijui.

La mdogo wako hapo umetupata. Tunawaachia wa kiume tunawabana wa kike na tukiulizwa hatuna jibu la maana. Uwanja na afagie yeye Jumamosi na Jumapili, mwambie mama hivyohivyo, ana mikono.

nyanza_boy:
Poleni jameni. Mimi ni wa Siaya, Kenya, huku kwetu hii shida wanaume tumeiepuka kidogo juu kijana akikomaa anajenga simba, ni kanyumba kake mwenyewe hapo ndani ya boma ya baba, wazazi hawaingii ovyo ovyo. Nilipotoka campus nilikuwa nalala simba, naamka ikifika wakati wangu, chakula nakula kwa mama, na hakuna mtu aliniuliza nimeingia saa ngapi. Lakini nikisoma hii story yako nimewaza dada zangu. Wao hawana simba. Wakirudi wanalala kwa nyanya, yaani bibi, tangu zamani wasichana ndio walilala huko, na kusema ukweli kwa nyanya sheria ni kidogo kuliko kwa mama. Hauna nyanya hapo karibu ukalale huko wikendi? Hakuna mtu anaweza kukataza mtoto kwenda kuangalia nyanyake.

ticha_tempo:
Binti, hapo uwanja sio ishu, ishu ni mzee haamini. Na usimlaumu sana, anachosema kilikuwa kweli. Walimu walikuwa wanamaliza wanapangiwa vituo wanaenda kuripoti, ndugu zetu wa kwenye 2014 hivi bado waliikuta hiyo neema, baada ya hapo ndo ikakata. Siku hizi unaomba kwenye Ajira Portal, mtandao wa serikali wa kuombea kazi, unafanya mchujo, ukipita unaitwa mahojiano, ukipita tena ndo unasubiri kupangiwa. Usaili wa walimu wa mwanzo wa 2025 waombaji walizidi 200,000 na nafasi hazikufika 15,000. Mzee hiyo hesabu hana, yeye anakuona wewe tu umelala.

Sasa fanya hivi. Usimwelezee kwa mdomo, fungua akaunti yako ya portal mkiwa wote. Mzee wangu nilimpa kitambulisho changu cha NIDA anisomee namba mi naingiza, tukaenda nayo ukurasa kwa ukurasa mpaka kwenye vyeti, akaona tangazo moja linavyotaka vitu. Toka siku ile yeye ndo ananiuliza ticha tangazo limetoka?

Ila mambo ya magharibi na simu usiyapeleke kwake mwenyewe. Kuna maneno mtoto wa kike hamwambii baba yake hata awe na degree tatu. Mtafute shangazi, dada yake mzee, mwagie yote, yeye akija atayasema kama yake na mzee atamsikiliza.

La mwisho ni tempo, kazi ya kufundisha ya muda. Zungukia shule za private hapo Korogwe, mwalimu wa Kiswahili huwa wanamtafuta shule zikikaribia kufunguliwa Januari na Julai. Hela yenyewe ni kichekesho na zingine zinachelewesha mshahara mpaka unasahau ni wa mwezi gani, ila ukitoka asubuhi na maandalio yako ya somo mkononi hakuna atakayekuuliza unaenda wapi. Ukipata hicho kidogo usimpe mama keshi itayeyukia kwenye nyanya na vitunguu. Nunua umeme halafu zile tarakimu 20 msomee mzee aingize mwenyewe kwenye mita.

Kaka_Mkavu:
Si nilisema luku mimi, mkaniona nina roho mbaya.

binti_manundu:
Hahaha mkuu wewe ulisema kwa kunichamba. Asanteni sana wote, mama_wa_watatu umenitoa machozi. Bibi yupo lakini yuko Lushoto, kwenda na kurudi ni nauli. Shangazi yupo Mombo hapo tu, nampigia leo leo. Ya NIDA nimeipenda, mzee anapenda kusoma namba kwa sauti huyo balaa. Swali tu ticha, nikipata tempo bodi ya mikopo si watanivamia?

ticha_tempo:
Ukiajiriwa rasmi mwajiri anatakiwa akukate asilimia 15 ya mshahara kurudisha mkopo, hata kama ni private. Muulize kabla hujasaini, ukishasikia laki mbili na nusu usianze kuzipangia matumizi zote. Na deni unaliangalia kwenye akaunti yako ya HESLB, ndo hiyo bodi ya mikopo, liangalie sasa ulijue, usisubiri wakushtue.

mama_wa_watatu:
Na siku shangazi anakuja upike wewe, usimwachie mama jiko.