The Holdovers: kwenu mlicheka au mlilia?

binti_langoni (Lamu):
Assalaam aleikum jamani, na wasio Waislamu hamjambo. Nauliza wale walioiona The Holdovers mpaka mwisho, maana ntasema yote hapa, ambaye hajaiona na hataki kuambiwa apite tu.

Kakangu alikuja nayo kwenye fleshi kutoka Mombasa, basi siku ya pili ya Idi baada ya chakula cha mchana tukaunganisha laptopu na tivi, watoto wote wakapelekwa Mkunguni, sebule ikajaa watu wazima, wanaume upande wa dirishani na kina mama kwenye mikeka. Kwa asiyeijua, ni shule ya bweni ya matajiri kule Marekani, Desemba 1970, kila mwanafunzi anaenda kwao Krismasi, wanabaki wachache wasio na pa kwenda na mwisho anabaki mmoja tu, Angus, ambaye mamake ameolewa upya na amemwambia asije, yuko fungate na mume mpya. Anayeachiwa kumlinda ni mwalimu wa historia ya kale, Hunham, mkali, hapendwi na wanafunzi wala na mkuu wa shule. Na yupo mpishi, Mary, ambaye mwanawe Curtis amekufa vitani Vietnam juzijuzi tu na hii ndiyo Krismasi yake ya kwanza bila yeye. Majengo matupu, theluji nje, na hao watatu.

Wanaume walicheka mpaka wakagongeana mikono. Vile Hunham anavyotukana wanafunzi kwa maneno ya kisomi, vile Angus anavyojirusha makusudi kwenye jimu mpaka bega linachomoka, na ule mgahawa wa Boston unaokataa kumpa kijana kitindamlo kwa sababu kina pombe, wakaenda kukipika wenyewe kwenye paking moto ukawalipukia. Inachekesha kweli. Lakini kina mama hawakucheka, na mamangu mwisho akawakata, akawaambia huyu mama ana msiba nyinyi mwacheka nini. Wakanyamaza kidogo, halafu ubishi ukaanza mpaka adhana ya Magharibi.

Sasa swali langu. Hii ni muvi ya kuchekesha au ya msiba? Na ule mwisho mnauonaje, mwalimu anafukuzwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, anapakia mizigo anaondoka, wazee wa kwetu wanasema ameonewa na muvi imewaacha njiani. Mimi naona ni mwisho mzuri lakini sikupata maneno ya kumwambia mamangu.

muyeye_sinema (Malindi):
Dadangu swali zuri sana hili. Ukiuliza watoa tuzo watakwambia ni kichekesho, kwenye Golden Globe za Januari 2024 Paul Giamatti, huyo Hunham, alishinda upande wa vichekesho na muziki. Lakini Oscar moja tu waliyoondoka nayo Machi 2024 ni ya Da'Vine Joy Randolph, yaani Mary, yaani yule yule mwenye msiba. Kwa hivyo hapo sebuleni kwenu kila upande uliona kitu kilichopo.

Alexander Payne, mwongozaji wake, ndivyo anavyopenda kufanya, hata Sideways ya 2004 aliyoifanya na huyo huyo Giamatti ni hivyo, unacheka na roho inauma. Angalia ile karamu ya mkesha wa Krismasi nyumbani kwa Lydia, yule dada wa ofisini. Hunham ana matumaini, anatabasamu kama kijana, sisi tunacheka, ghafla anamuona Lydia na mpenzi wake, uso unamwanguka, na kabla hujamaliza kumhurumia unaambiwa Mary yuko jikoni amelewa analia mwanawe. Hakuna nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Nawapenda sana watu wanaoweza kuandika hivyo, na huyu aliyeandika ni David Hemingson.

Na jingine ambalo wengi hawalijui, yule kijana Dominic Sessa hakuwa amewahi kuigiza filamu hata moja, alikuwa mwanafunzi wa Deerfield, moja ya shule ambazo walipigia picha, wakamkuta huko huko. Ndiyo maana akitembea kwenye ile korido unaamini ni yake.

umm_swabra (Shela, Lamu):
Mimi ntasema ya mama. Mamako yuko sawa binti yangu, na wala si kwamba kina mama hawajui kucheka.

Watu wengi wanapita haraka kwenye habari ya Curtis. Alisoma pale pale shuleni, mamake akipika jikoni ili mwanawe apate elimu ile ya watoto wa matajiri, akamaliza vizuri, ila pesa ya chuo hazikuwepo. Na wakati ule Marekani aliyekuwa chuoni alikuwa anaahirishiwa kuitwa jeshini, kwa hivyo wale wenzake wa darasa moja wakaenda chuo na yeye akaenda Vietnam. Haya, sasa mama huyo anaendelea kuwapikia wadogo zao. Anawapakulia, wanamlalamikia chakula, na yeye yuko pale kwa sababu ndipo mahali pa mwisho alipokuwa pamoja na mwanawe. Akiondoka pale anaondoka na nini?

Mimi sikulia kwenye karamu, nililia Roxbury, mtaa wa Boston, alipoenda kwa mdogo wake mwenye mimba akamtolea zile nguo za Curtis za uchanga. Hakuna maneno mengi pale. Kila mwanamke wa hapa amewahi kupokea au kutoa nguo kama hizo kwa dada au wifi, hakuna anayenunua zote mpya, lakini kuzitoa ilhali mwenyewe yuko kaburini, wallahi matozi yalinitoka mbele ya mkwe wangu na sikujali.

Kuhusu kucheka: kwani kwenye matanga hatucheki? Siku ya pili ya tatu kina mama wamekaa chini, mmoja anakumbusha kituko cha marehemu, wote wanaangua kicheko, mfiwa mwenyewe anacheka, halafu anaingia mtu mpya mlangoni kilio kinaanza upya. Hakuna anayeuliza hii ni shughuli ya kucheka au ya kulia. Mary ndivyo alivyo, anamchamba Hunham, anavuta sigara yake, anatazama vipindi vya tivi anacheka, na msiba uko pale pale.

charo_maweni (Malindi):
Nitakuwa tofauti kidogo. Mimi ni Mkristo na niliitazama Krismasi yenyewe nikitarajia kitu cha kuchangamsha nyumba, mke wangu na watoto wako hapo, pilau iko jikoni. Dakika za mwanzo ni vijana wanatukanana, magazeti ya uchi, bangi, nikawatoa watoto. Kule Marekani imewekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, kwa hivyo jamani msiiweke mbele ya watoto kwa kuwa tu ina mti wa Krismasi kwenye picha. Halafu inaenda polepole mno ile saa ya kwanza. Wale wavulana wengine watatu wanne tumetambulishwa kwao, tumeanza kuwazoea, mara inakuja helikopta ya baba wa mmoja inawachukua wote wakateleze thelujini na hatuwaoni tena mpaka mwisho. Yule mtoto wa Kikorea aliyekuwa akilia usiku nilitaka kujua habari zake.

Ila nakubali, baada ya helikopta ndipo filamu inaanza. Na zile zawadi za Hunham, kuwapa wote wawili kitabu kile kile cha Marcus Aurelius, mfalme na mwanafalsafa wa Roma ya kale, Mary na Angus, kwa kuwa ndicho kitu anachokijua kuwa kizuri duniani, hapo nilimpenda.

binti_langoni (Lamu):
Asante kakangu charo, sisi watoto tulikuwa tumewaondoa lakini bila kujua, bahati tu. Umm Swabra nimemsomea mamangu maneno yako akasema mwambie shukran. Lakini ule mwisho bado, anasema mwalimu ameonewa.

mwalimu_barani (Malindi):
Nimefundisha miaka mingi na sasa nimestaafu, kwa hivyo niruhusu niseme kwa urefu kidogo, maana huo mwisho ndio filamu yenyewe.

Hunham mwanzoni anasema watu wa Barton, ndiyo hiyo shule yao, hawadanganyi. Ni kanuni yake, na ndiyo iliyomponza, alimfelisha mtoto wa seneta kwa kuwa hakustahili kupita na mkuu wa shule akamkasirikia, ndipo akapewa adhabu ya kubaki na wanafunzi sikukuu nzima. Halafu filamu nzima inamwonyesha akiongopa. Kule Boston anakutana na mtu aliyesoma naye Harvard anamdanganya kuhusu maisha yake, na Angus anagundua kwamba hata hiyo Harvard hakumaliza, alifukuzwa. Angus naye hospitalini alidanganya ili mwalimu asipate lawama ya bega. Na kumbe babake hajafa kama alivyokuwa akisema, yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, na safari yote ya Boston kijana alikuwa anatafuta njia ya kwenda kumuona. Ile ziara ikasababisha fujo, babake akachafuka, mama na baba wa kambo wakaja Januari wamekasirika wanataka kumtoa Angus wampeleke shule ya kijeshi.

Sasa mama yako atazame hapa. Mwaka ni 1971, kijana ameshafukuzwa shule nyingine kabla ya hii, akitoka hapa ni shule ya kijeshi, na kutoka hapo Vietnam haiko mbali. Ni njia ile ile aliyokwenda Curtis. Hunham amekaa wiki mbili mezani na mama wa Curtis, amekula naye, amemuona akilia jikoni. Anaingia ofisini pale anasema ni mimi niliyemshawishi mtoto aende, lawama ni yangu. Anaongopa, mtu ambaye heshima yake yote aliijenga juu ya kutoongopa, na analipa kwa kazi na kwa nyumba maana aliishi humo humo shuleni. Sisi tunajua hata kwenye dini kauli isiyo kweli ina nafasi yake pale unaposuluhisha watu, na hapa alikuwa anaokoa mtoto.

Kwa hivyo siwezi kusema ameonewa. Aliyeonewa ni Curtis, na hakuna mtu aliyeingia ofisi yoyote kusema lawama ni yangu. Wanaume wenu waliocheka na kina mama waliolia walikuwa wakitazama jambo moja, ule msiba wa Mary ndio uliomfundisha Hunham la kufanya. Na kile anachoondoka nacho si kidogo, Mary amempa daftari aandike kitabu alichokuwa akikisema miaka yote. Mimi walimu wenzangu wengi nimewaona wakistaafu bila hata hilo.

mfaza_bara (asili Faza, sasa Malindi):
Mwalimu umenikosha moyo. Mimi nililelewa bwenini, madrasa, na kulikuwa na Idi ambayo bahari ilikuwa mbaya na sisi wa visiwa vya juu hatukupata chombo cha kwenda kwetu. Mji mzima una kanzu mpya na sisi tunakaa kibarazani. Ustadhi wetu alikuwa mkali kuliko Hunham, lakini siku hiyo alituletea sinia ya nyama ya mbuzi na bokoboko kutoka kwake akakaa akala nasi, hakuhutubia, hakuuliza juzuu. Kwa hivyo Hunham aliponunua ule mti wa Krismasi uliobaki sokoni, mbovu mbovu, akauleta, mimi sikucheka.

muyeye_sinema (Malindi):
@mfaza_bara ndugu yangu hiyo yako ni filamu nyingine kamili.

binti_langoni (Lamu):
Jamani nimemsomea mamangu ya mwalimu neno kwa neno, akanyamaza, akasema basi yule bwana amefanya la kiume, sasa amekubali. Lakini amehamia kwa mamake Angus, huyo hamsamehe, anasema mwanamke gani anamwacha mwanawe sikukuu kwa sababu ya fungate.

umm_swabra (Shela, Lamu):
Mwambie asimhukumu haraka. Mume amepoteza akili, ana mtoto wa kiume, amebaki peke yake, hata kwa Kadhi mwanamke wa namna hiyo angesikizwa na angeachishwa. Kuolewa tena simlaumu. Ninalomlaumu ni simu, alipiga siku shule inafungwa, mtoto ameshapanga sanduku anajua anakwenda pwani St. Kitts. Kama hukumtaka ungemwambia mapema, akapata hata rafiki wa kwenda naye.